Chombo cha Magurudumu

Taitai ya arobaini na nne Mwatima aliifunga asubuhi ya Jumatano, kabla hajatia hata maji ya chai motoni. Taitai ni kile kiuzi ambacho wakulima wa mwani hufungia mbegu kwenye kamba, lakini kamba hii haikuwa na mbegu hata moja. Ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani, na kila taitai iliyofungwa hapo ilikuwa usiku mmoja wa zamu yake ambao mumewe hakuja kuulala.

Tusipindishe maneno: Mwatima alikuwa na wivu. Si ule wivu mdogo wa kununa na kugonganisha sufuria jikoni. Wake ulikuwa wivu wa kula na mtu sahani moja, akinyanyua tonge nao unanyanyua. Ahmada alimwolea mwenzake mwaka juzi, msichana wa Kichakaani aitwaye Yumna, na kwa mwaka mzima alizigawa zamu kwa haki: siku mbili huku Mtondooni kwa Mwatima, siku mbili kule ng'ambo kwa Yumna. Mwatima alimtafutia kosa kwa tochi asilipate. Kisha masika yakapiga siku tatu bila kupumua, maji yakashuka na kalvati zima, na tuta la barabara likakatika katikati ya mikandaa, ile mikoko ya ufukweni. Siku hiyo Ahmada alikuwa kwa Yumna, yeye na ng'ombe wake na gari lake. Yangeweza kumkuta upande huu, hayakumkuta.

Mtondooni iko mwisho wa njia, bahari imeizunguka pande tatu, na upande wa nne ndio huo uliokatika. Tangu hapo wagonjwa walivushwa kwa ngarawa ya kukodi, kwa nauli ya kumfilisi mtu, mwani ulioanikwa ukarudiwa na mvua ukaoza kwa kukosa gari la kuupeleka kwa mnunuzi, na watoto wa sekondari wakawa wanalala kwa watu kule Wingwi, ng'ambo. Kila mtu alilalamika, lakini hakuna aliyelalamika kwa bidii ya Mwatima. Alikwenda kwa sheha mara tisa. Alisimama kwenye mkutano akataka barua iandikwe, ikaandikwa, akataka aisikie ikisomwa, ikasomwa. Sheha Muntasir, mtu mnene mwenye kupenda mzaha, akamwambia mbele za watu, "Bi Mwatima, kwa moto huu ungegombea udiwani." Watu wakamsifu, na yeye akazipokea sifa huku macho ameyainamisha, kwa sababu alijua anachokitafuta. Serikali ingetengeneza barabara, naye angerudishiwa mume.

Na serikali ilisikia. Jumatano hiyo ndiyo siku ambayo injinia wa ofisi ya barabara alikuwa anakuja na fomu ya tathmini ya maafa. Sheha alishapita nyumba kwa nyumba kuwaeleza kwamba kila kaya itaulizwa imepoteza nini. Mwatima alikuwa na jibu lake la neno moja, na wiki nzima alilifanyia mazoezi akiwa anachambua mchele: mume. Na waliandike hivyo hivyo.

Simu yake ilitoa mlio wakati anamimina chai. Mtandao wa Mtondooni huja na kuondoka upendavyo, na ujumbe wa sauti uliotoka kwa Ahmada ulikuwa umetumwa jana saa sita na nusu mchana ukafika leo.

"Assalaam alaykum, mama Khairat. Ndo nimo huku huku Kichakaani, sina pa kutokea. Njia haipitiki kabisa, hata mbuzi hapiti. Nivumilie mke wangu, na mie naumia."

Nyuma ya sauti yake mtu alikuwa anaadhini. Mwatima aliweka kikombe chini. Muadhini alifika kwenye "hayya alas-salaa," akakohoa mara tatu kikohozi kirefu cha kukwaruza, akavuta pumzi, akaanza upya. Jana hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, Mwatima alikuwa anarudi kutoka kwenye mwani na kapu kichwani, akakisikia kikohozi kile kwa masikio yake, akasema, maskini Mzee Jabir na kifua chake. Mzee Jabir ni muadhini wa Mtondooni. Msikiti wake uko kule mwanzo wa kijiji, ukuta kwa ukuta na duka la Haroub. Kichakaani wanaadhiniwa na kijana mwenye sauti ya asali na kipaza sauti kipya.

Akausikiliza ule ujumbe mara nne. Mara ya nne hakumsikiliza Ahmada kabisa, alisikiliza kikohozi tu.

Kijakazi alikuwa uani kwake anakuna nazi. Walilima mwani pamoja miaka kumi na moja, wakakopeshana kanga na siri, na Mwatima hakupiga hata hodi.

"N'ambie kweli, Kijakazi. Ahmada yuaja huku?"

Mbuzi ya nazi ikanyamaza. Kijakazi akaitazama ile nusu ya nazi mkononi kama kwamba jibu lilikuwa limeandikwa humo.

"Nani kakwambia?"

"Basi yuaja."

"Kila bamvua," Kijakazi akasema. "Maji yakitoka. Kalaza magogo ya minazi kule mikandaani, anapita na gari, analeta unga kwa Haroub, maji yakianza kurudi naye arudi. Saa tatu, saa nne za kukaa, hazidi."

Mwatima akaelewa kwa nini hakumwona hata siku moja. Bamvua, zile siku chache za mwezi mchanga na mwezi mpevu ambapo bahari hutoka mbali, wanawake wote wako kwenye mwani, kule nyuma ya kijiji, wameinama mpaka kiuno kinalia. Mumewe aliichagua saa yake vizuri.

"Na mie niliuliza, unga huu watoka wapi, mkanambia waja kwa ngarawa."

"Tungekwambia nini? Ungekwenda kumshika kanzu, naye angeona haya, asije tena. Tungekula nini hapa?"

"Kijiji kizima mwajua?"

Kijakazi akaiinamia nazi, akaanza tena kuikuna. Mwatima akawapitisha wote kichwani: Haroub aliyempimia unga kilo mbili akimwambia "pole na upweke, Bi Mwatima," na sheha na mzaha wake wa udiwani, na hata watoto waliokuwa wanamwamkia njiani.

"Afanya nini saa tatu zote hizo? Gunia la unga lashushwa kwa dakika tano."

"Hukaa barazani kwa Haroub. Hunywa kahawa." Kijakazi akapangusa mikono kangani. "Hungojea pweza."

"Pweza gani?"

"Mume wangu humletea. Yumna... yuko na mimba, shoga. Hataki kitu ila pweza wa Mtondooni."

Katika yote aliyoyasikia asubuhi ile, hilo la pweza ndilo lililomkata. Miaka ishirini na tatu alimpikia Ahmada pweza wa nazi, akampiga yeye mwenyewe juu ya jiwe mpaka akalainika, na Ahmada alikuwa akisema hakuna mkono mwingine duniani. Sasa pweza alikuwa anatoka mlangoni kwake, akivuka maji kwa gari la mumewe, kwenda kumlainishia mimba mwanamke mwingine.

"Leo usiseme kitu," Kijakazi akamwambia, akimfuata mpaka kwenye lango la ua. "Nakuomba, Mwatima. Injinia akishaondoka mchinje ukitaka. Lakini leo tupate njia kwanza."

"Waniona mie mpumbavu?" Mwatima akasema. "Njia naitaka kuliko nyie."

Na alisema kweli.

Saa nne watu walikuwa wamejaa kwenye ukingo wa tuta, pale lami ilipomegeka ikabaki inaning'inia. Chini yake maji yalikuwa yametoka, kumebaki tope na mizizi ya mikandaa na bomba la kalvati limelala ubavu. Injinia alikwisha kuvushwa kwa ngarawa mapema, maji yakiwa bado yamejaa, akapewa chai na maandazi kwa sheha. Jina lake Nusaiba, mwanamke mfupi wa Unguja, buti za mpira miguuni, fomu na kishikwambi mkononi, na alikuwa na tabia ya kumtazama mtu mpaka amalize kusema.

"Pesa za mfuko wa maafa zipo," akawaeleza. "Si nyingi, na barabara zilizoharibika ni nyingi. Kwa hivyo zinaanza zile zisizopitika kabisa. Zinazopitika kwa taabu zinangojea bajeti ya kawaida."

"Bajeti ya kawaida lini?" akauliza Kijakazi.

"Mwakani, inshallah. Au mwaka wa pili yake."

Wakacheka kile kicheko cha watu wasio na furaha. Nusaiba akapima kwa futi, akapiga picha, akauliza maswali moja moja na sheha akajibu. Kalvati lilikuwa la kipenyo gani? Maji yalipita juu ya tuta siku ngapi? Mwatima alisimama nyuma, ncha ya mtandio ameiuma menoni. Alikuwa ameshajipangia: kwanza njia, kisha Ahmada.

"Swali la saba," akasoma Nusaiba. "Je, kuna chombo chochote cha magurudumu kinachopita?"

"Hakuna," akasema sheha. "Wala baiskeli."

Hapo ng'ombe akalia. Alilia upande wa msikitini, nyuma ya duka la Haroub, mlio mrefu wenye kukatika mwishoni. Sheha alikuwa amempelekea Ahmada ujumbe usiku kwamba leo asithubutu kuja, lakini mtandao ni ule ule kwa kila mtu, na Ahmada alikuwa amekuja. Haroub akamsukumia nyuma ya duka na kumwambia atulie. Ng'ombe hakuambiwa.

"Ng'ombe wa hapa hapa kijijini," sheha akasema haraka, na kwa kuwa alikuwa mtu wa maneno mengi hakujua pa kukomea. "Haipitiki kabisa, injinia. Hata waume za watu wamekwama huko. Huyu hapa Bi Mwatima, mumewe miezi mitatu hajatia mguu Mtondooni. Muulize mwenyewe."

Watu wote wakageuka. Mwatima aliona midomo ya wanaume ikijizuia. Mtu mmoja nyuma alishindwa, akacheka puani, kidogo tu.

"Ni kweli, Bi Mwatima?" akauliza Nusaiba. "Mumeo hajaweza kupita?"

Ncha ya mtandio ikamtoka mdomoni.

"Apita," akasema Mwatima. "Kila bamvua apita, na gari lake la ng'ombe, na magurudumu yake mawili. Vino tunavyosema yuko nyuma ya duka la Haroub. Na huyo aliyelia ni Sumbuko, nimemkatia majani miaka sita, simjui sauti yake?"

Nusaiba akalisoma tena swali la saba.

"Mawili?" akauliza Nusaiba.

"Mawili. Ya mpira."

Walimkuta Ahmada amesimama kando ya gari lake kwenye jua, kikapu cha ukili mkononi, na mkono mmoja wa pweza umechungulia nje ya kikapu. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa sura, wa kupendwa na watoto na wanyama. Alipomwona mkewe mbele ya umati ule, kikapu akakirudisha nyuma ya mgongo.

"Mama Khairat..."

"Hata mbuzi hapiti?" akasema Mwatima.

"Maji, mke wangu. Maji yanikimbiza."

"Kwa Haroub hayakukimbizi. Ukingojea pweza hayakukimbizi."

Ahmada akatazama chini. Hakuwa mwongo hodari, na mbele ya watu wengi alikuwa mbovu zaidi.

"Nikija kwako n'takaa," akasema. "Nikikaa maji yatajaa, na bamvua likipita n'takwama huku. Na yule mwenzio mzito, hana mtu nyumbani."

"Kwa hivyo huko wakwama karibu miezi mitatu, haina neno. Huku wachelea kukwama hata wiki moja."

Hakuna aliyemtetea Ahmada. Wala hakuna aliyekuwa upande wa Mwatima. Nusaiba alikuwa ameshakwenda kuyatazama magogo mikandaani, na watu wakapata nafasi ya kusema.

"Umetukata, Bi Mwatima," akasema Haroub. "Tuta lilikatwa na mvua, weye umekata lililobaki."

"Mara tisa ulikuja kwangu," akasema sheha, na safari hii hakuwa na mzaha. "Mara tisa! Na neno moja umelishindwa kulimeza?"

Mwatima alitamani tope limfunike. Mwani wake mwenyewe ulikuwa umeoza magunia manne. Binti yake Khairat alikuwa dahalia, shule ya kulala, na likizo iliyopita hakuja kwa kukosa njia. Hakuna mtu Mtondooni aliyeitaka barabara ile kama yeye, na yeye ndiye aliyeifukuza, kwa ajili ya kicheko cha puani na mkono wa pweza. Kijakazi peke yake ndiye aliyekuja kusimama karibu naye.

Nusaiba alirudi na tope mpaka magotini.

"Nimeyaona magogo, na nimeziona alama za magurudumu," akasema. "Siwezi kujifanya sikuona. Nikiweka saini sasa hivi, swali la saba jibu lake ni ndiyo, na barabara yenu inangojea."

"Injinia, ng'ombe mmoja!" akalia sheha. "Mgonjwa hapiti pale, mjamzito hapiti, gari la mwani halipiti!"

"Fomu haikuuliza mgonjwa, sheha. Imeuliza chombo cha magurudumu." Akafuta kishikwambi chake kwa pindo la mtandio, akafikiri. "Lakini magogo yale yameoza, na moja likiteleza mtu anazama. Ningewaambia myatoe hata pasingekuwa na fomu. Ngarawa yangu inakuja saa kumi, na saini naweka saa kumi. Nitaandika njia vile nitakavyoiacha. Magogo yakiwa yametoka, njia imefungwa, na huyu mama aliyesema inapitika akaniambia mbele yenu kwamba haipitiki tena, nitaandika haipitiki. Na wakija wenzangu kuhakiki wasikute alama mpya hata moja."

"Kazi itachukua muda gani?" akauliza Haroub, akifikiria unga wake.

"Pesa zikitoka, miezi minne. Labda mitano."

Sheha akashusha pumzi, akaanza kuhesabu wanaume wenye nguvu. Kisha wote, mmoja mmoja, wakalifikia jambo lile lile, wakamtazama Ahmada na ng'ombe wake. Magogo yakishatolewa, Ahmada angebaki upande aliokuwepo. Saa hizo alikuwa Mtondooni.

"Bi Mwatima," akasema sheha, na sasa sauti yake ilikuwa ya kumbembeleza, kwa sababu alihitaji neno lake. "Zamu zako zilizopotea ngapi?"

"Arobaini na nne," Mwatima akasema kabla hajafikiri, na wanaume wakainamisha vichwa.

"Basi haki yako i wazi. Ahmada abaki kwako. Mwenzio tutamwombea mamake aje akae naye. Au wasemaje, Ahmada?"

"Mie vyovyote," akasema Ahmada. "Asemavyo mama Khairat."

Furaha ilimpanda Mwatima, tusimfichie. Ilimpanda palepale, mbele ya watu waliomchukia, na hakuiona haya. Alikuwa ameshafika nyumbani, ameshafua foronya, ameshamchukua yule pweza na kumpiga juu ya jiwe lake. Miezi minne! Akamwona Yumna ng'ambo ya maji, mkono kwenye tumbo, anatazama njia. Na yeye afunge taitai, akawaza, na aone inavyokuwa. Wazo hilo lilikuwa tamu, akakaa nalo.

Kisha akamtazama Sumbuko. Ng'ombe alikuwa bado amefungwa garini, jua la saa sita juu ya mgongo wake, povu mdomoni. Kwa miaka yote Mwatima aliyomjua Ahmada, hakupata kumwona akisimama hata kwa kikombe cha maji bila ya kumfungua mnyama kwanza. Mgeni barazani angengoja, salamu zingengoja, ng'ombe afunguliwe, apewe maji. Leo alikuwa hapo tangu saa tatu. Na gari lilikuwa limegeuzwa, limeelekea majini.

"Mbona hujamfungua Sumbuko?"

"Hamna, nilikuwa..."

"Umesema vyovyote. Umeambiwa ubaki. Mbona hujamfungua?"

Ahmada alinyoosha mkono kwenye kamba ya shingoni mwa ng'ombe, kama mtu anayetaka kutii. Mkono ukakaa pale pale. Macho yake yalikwenda kwenye mikandaa, kutazama maji yamefika wapi.

Mwatima hakuwa mwema, wala hakumhurumia Yumna, na mtu asije akasema hivyo. Aliona tu usiku wa kwanza utakavyokuwa. Yeye kajifukiza udi, kalala ubavu wake, na Ahmada kando yake kakodoa macho gizani, anasikiliza maji yanatoka au yanarudi. Usiku huo mara arobaini na nne. Angeweza kuyavumilia maji, na tuta, na bajeti ya kawaida, lakini wivu wake haukuwa wa kushibishwa na mwili wa mtu peke yake.

"Pita," akasema.

"Mama Khairat, nimesema mie..."

"Pita, maji hayajajaa. Na huyo pweza usimfiche nyuma, atakuchafulia kanzu."

Ahmada alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyomtazama kwa mwaka mzima. Kisha akamshika Sumbuko kamba, akamwongoza mikandaani, na magurudumu mawili ya mpira yakapita juu ya magogo, yakiyumba, maji yakiwa yameshafika nusu ya tairi.

Wanaume waliyatoa magogo manane kwa kamba na mabega, wakayakokota mpaka juu. Mwatima alivua viatu akaingia topeni pamoja na wanaume, akavuta. Hakuna aliyemwambia atoke. Nusaiba akasema njia lazima ifungwe, ionekane imefungwa, akauliza kama kuna kamba, na watu wakaanza kutazamana. Mwatima akaenda nyumbani akaitoa ile iliyokuwa nyuma ya mlango. Wakaifunga kutoka mkandaa mmoja mpaka mwingine, na upepo ukazichezesha taitai zote arobaini na nne.

"Mbona ina taitai tupu?" mke wa Haroub akauliza.

"Mbegu hazikushika," akasema Mwatima.

Kijakazi aligeuza uso upande wa pili.

Saa kumi kasorobo maji yalikuwa yamejaa, mazito na ya kijivu, yamefunika tope na alama zote. Ngarawa ilikuwa inakuja. Mwatima alisimama mbele ya watu, sketi imemganda miguuni kwa tope, akasema kwa sauti ya kusikika, "Njia ino haipitiki. Hakuna chombo cha magurudumu kinachopita." Nusaiba akaandika. Sheha akagonga muhuri wake kwenye karatasi, akaupuliza wino, na kwa mara ya kwanza siku ile akamwita dada.

"Limebaki moja," akasema Nusaiba, akikunjua orodha ya kaya. "Nyumba zote nimeziandika ila yako, Bi Mwatima. Barabara kukatika kumeipotezea nini kaya yako?"

Ng'ambo, juu ya kilima cha Kichakaani, Sumbuko, aliyepumzishwa kivulini tangu adhuhuri, alikuwa analipandisha gari polepole, na mtu mrefu anatembea kando yake. Mwatima alilitazama mpaka likaingia kwenye mikarafuu.

"Mwani," akasema. "Magunia manne."

"Na nini kingine?"

"Andika mwani."

Nusaiba akamtazama kama kawaida yake, akingoja amalize. Kisha akaandika mwani.